Vitu vya Wasiorudi

Siku washenga walipokuja kumposa Senzeni, hawakupata mahali pa kukaa.

Walikuwa wawili, mzee Tshuma na mpwa wake, wamevaa makoti na tai katika joto la Desemba la Bulawayo. Walifika hadi mlango wa mbele, wakabisha, wakasikia sauti ya MaNyathi, mama yake Senzeni, ikiwaelekeza wazunguke nyuma. Mlango ule haukuwa umefunguliwa tangu jeneza la baba yake Senzeni lilipopitishwa hapo. Nyuma yake yalisimamishwa makochi mawili ya Vusa, mdogo wake Senzeni, wima kama askari wa zamu; mbele ya makochi friji; juu ya friji magodoro ya Nomalanga; na juu ya magodoro maboksi mpaka kwenye dari.

Wakazunguka, wakaingia kwa mlango wa jikoni. Mzee Tshuma alikaribishwa juu ya ndoo ya rangi iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Mpwa wake alisimama, na kila alipogeuka kiwiko chake kiligonga kitu cha mtu.

MaNyathi aliwasikiliza kwa adabu zake zote. Alikuwa mama mwembamba, kilemba chake kimekaa sawasawa, ambaye hakuwahi kumkatiza mgeni maneno. Walipomaliza aliwashukuru kwa kumwona binti yake, akamsifu na huyo aliyewatuma, kisha akawaambia kuwa jambo lao halitawezekana. Mwanawe Vusa alikuwa Johannesburg, na nyumba aliyoianza kule mtaa wa Cowdray Park ilikuwa bado msingi mtupu. Nomalanga, kitinda mimba, alikuwa Uingereza. Vitu vyao vyote vilikuwa hapa, na mtunzaji wake ni Senzeni. Akiolewa, nani atavitazama?

Mzee Tshuma alikuwa amewaposea watu wengi. Aliwahi kukataliwa kwa sababu ya ukoo, kwa sababu ya kanisa, na mara moja kwa sababu bwana harusi alikuwa na meno mabaya. Kukataliwa kwa sababu ya friji kulikuwa kugeni kwake. Akachukua kofia yake, akaaga, na alipoinuka boksi la juu likamwangukia begani, likamwaga viatu vya watoto ambavyo havijavaliwa hata siku moja. Watoto waliokusudiwa kuvivaa walikwisha ota ndevu.

Senzeni aliyasikia yote akiwa uani, kwenye karo, akisugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Hakulia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amezoea kuutuliza uso wake hata mambo yanapomchemka ndani. Alikuwa anaikaribia miaka arobaini. Ndugu zake walipoondoka mmoja baada ya mwingine, yeye alibaki, kwa kuwa baba alikuwa mgonjwa, kisha kwa kuwa baba alikufa, kisha kwa kuwa mama hakupaswa kuachwa peke yake. Na katika kubaki huko, vitu vikaanza kuja. Kila malayitsha aliyevusha mizigo kutoka Johannesburg alikuwa na kitu cha kushusha pale nyumbani kwao, mtaa wa Luveve. Weka tu, dada, ilikuwa salamu ya Vusa kwenye simu. Nikirudi nitavichukua.

*

Mbonisi Dube alikuwa akingoja majibu ndani ya pikapu yake, mtaa wa tatu kutoka pale, kama desturi inavyomtaka mposaji asionekane. Mzee Tshuma alipompa habari hakuweza kutulia. Jua lilipokuwa linaanza kulegea alikuja mwenyewe mpaka kwenye uzio wa nyuma, akamwita Senzeni kwa jina.

Alikuwa mwanaume mpana, mpole wa sauti, mwenye shamba la mboga kule Umguza. Walijuana siku alipoleta kabichi kwenye shule anayofundisha Senzeni, watoto wakamzunguka, naye badala ya kuwafukuza akakaa chini kwenye vumbi akawafundisha kuzihesabu. Alikuwa mmoja wa wachache waliokwenda Johannesburg wakarudi. Senzeni alipenda jinsi anavyomtazama mtu anapoongea naye, macho yake hayaendi kwingine. Leo macho yale yale yalimchoma.

"Nilijiandaa kugombana na mama yako," Mbonisi alisema. "Nikajiandaa kugombana na Vusa, hata na mchungaji wenu. Sikujiandaa kugombea mke na friji mbovu."

"Usimcheke mama yangu."

"Simcheki mama. Nakuuliza wewe. Muda wote huu hujanikaribisha ndani hata kwa kikombe cha chai. Nilidhani unanionea aibu mimi, mkulima. Leo mzee Tshuma ananiambia alipita mlangoni pa chumba chako. Anasema kitanda kimezungukwa na maboksi, na kukifikia lazima mtu apite ubavuubavu."

Senzeni alihisi damu ikimpanda usoni, kana kwamba amechunguliwa anaoga.

"Mzee wako ana macho marefu."

"Unalalaje mle, Senzeni?"

Aliuliza taratibu, kwa upole, na upole huo ndio uliomkasirisha. Alikuwa tayari kwa hasira, hata kwa matusi. Kuhurumiwa na mtu anayempenda hakukuweza.

Mbonisi akaendelea, bila kujua anatembea juu ya miba. "Wakati mwingine nafikiri si mama anayekuzuia. Nafikiri wewe mwenyewe umejificha humo. Mtu akiwa na vitu vya watu vya kulinda, hana haja ya kuishi maisha yake."

Upande wa pili wa uzio, jirani yao Mama Thoko aliacha kuanika nguo ili asikie vizuri.

"Nenda, Mbonisi."

"Nikienda bila—"

"Nenda tu. Na usije na gari lako ukidhani utanitoa hapa. Mimi si boksi."

Alisimama akamtazama akienda mpaka mabega yale mapana yakapinda kona. Akakamata uzio, akabaki hapo, akijiambia kuwa yule mtu ni mjuaji, hana adabu, na kwamba hatamkumbuka. Harufu ya shati lake, ya udongo na sabuni ya mche, ilikuwa bado imetanda pale.

*

Asubuhi yake, shule zikiwa zimefungwa, Senzeni alifunga kanga kiunoni, akafunga kitambaa puani, akaanza na chumba chake.

MaNyathi alisikia vitu vikiburutwa, akaja akasimama ukumbini. Akauliza anafanya nini. Senzeni akajibu kwamba anasafisha. Mama akamkumbusha kuwa Krismasi bado.

"Sisafishi kwa ajili ya Krismasi, mama."

Alifungua boksi la kwanza. Blanketi za Vusa, zilizofungwa kwa karatasi ya nailoni ya dukani, zilikuwa zimetafunwa na panya katikati, zikabaki pindo tupu. La pili lilikuwa na pasi, birika la umeme na kikaangio, vyote vimeshika kutu. La tatu lilikuwa na mapazia ya nyumba isiyojengwa bado. Kizima akakipeleka uani juu ya turubai, kila kitu na rundo la mwenyewe. Kilichooza akakitupa shimoni nyuma ya nyumba, akakitia moto. Wakusanya vyuma chakavu walipopita na mkokoteni wao wakiimba bei, aliwafungulia geti akawaambia wachukue zile friji zisizowaka, na wasimlipe kitu, wawahi tu.

Mama Thoko alikuja uziani, kidevu juu ya mkono. "Mwalimu, mnahama?"

"Hatuhami," Senzeni alisema. "Tunahamia."

Zamu ya ukumbi ilipofika, alimkuta mama yake ameketi juu ya boksi kubwa la Nomalanga, mikono imekunjwa kifuani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na Senzeni, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akaishiwa pumzi alipoiona.

"Mama, simama tafadhali."

"Sisimami. Ukishavitoa hivi, watarudi kufuata nini?" Sauti ya MaNyathi ilikuwa ndogo. "Mtu hawezi kuviacha vitu vyake asivirudie. Kila nikivipita hivi usiku nikienda kunywa maji, najua wanangu watarudi. Wewe unavichoma moto."

Senzeni akachuchumaa mbele yake, vumbi limemjaa kwenye kope. Akamwambia kuwa Mbonisi alirudi kutoka Johannesburg na begi moja. Hakufuata kitanda wala kabati. Alimfuata mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mama yake Senzeni akatazama pembeni, jina lile halikutakiwa kutajwa.

"Na mimi je, mama?" Senzeni akasema. "Mimi sikwenda popote. Mimi sina hata boksi moja humu ndani. Labda ndiyo maana hunioni."

MaNyathi alishika kingo za boksi kwa mikono miwili. Hakusimama.

Basi Senzeni akatoa simu, akampigia Nomalanga Uingereza, hakumpata, akamwachia ujumbe kwamba magodoro yake, seti ya vyombo na boksi kubwa la ukumbini vinataka mwenyewe, au atavipeleka kanisani. Jibu lilirudi mchana, la sauti, Nomalanga akihema kama mtu anayekimbilia treni. Senzeni alilifungulia mama yake asikie mwenyewe.

"Dada jamani, magodoro gani? Mimi nilishasahau kama nina magodoro. Gawa tu. Msalimie mama, mwambie nikipata nafasi nitapiga."

MaNyathi aliomba airudie. Senzeni akairudia. Mama akasikiliza kwa makini hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza tangazo la msiba redioni. Kisha akainuka polepole kwenye lile boksi alilolilinda miaka yote, akalipigapiga vumbi kwa kiganja, akasema kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, "Haya. Toa."

Senzeni hakufurahi. Angependa ushindi wa namna nyingine.

Akaenda bafuni. Humo Vusa alikuwa ameweka matairi ya lori alilokusudia kununua, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, na Senzeni na mama yake wamekuwa wakiogea kwenye beseni nyuma ya nyumba. Aliyabingirisha moja moja mpaka uani, akasugua sakafu kwa brashi, akafuta vigae mpaka rangi yake ya kijani ikaonekana. Siku hiyo maji ya bomba yalitoka, jambo lisilo la kila siku Luveve. Akajaza sinki la kuogea, akamwita mama yake, akamfungia mlango.

MaNyathi alikaa humo muda mrefu. Mwanzo kulikuwa kimya. Baadaye Senzeni akasikia maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, na katikati yake sauti ya mama yake ikiimba wimbo wa kanisani, kwikwi zikiukatakata. Hakubisha.

Alirudi chumbani kwake kumalizia. Chini kabisa, nyuma ya kitanda, chini ya kila boksi la kila mtu, alikuta moja ambalo hakulitambua. Akalivuta. Alipokata kamba alikutana na seti ya sufuria za enameli za buluu, ndani ya magazeti.

Hapo akakaa sakafuni.

Zilikuwa zake. Alizinunua mwenyewe alipokuwa msichana, alipoahidiwa ndoa na kijana mmoja aliyekwenda Botswana kutafuta maisha, akaandika mara mbili, halafu kimya. Siku alipofahamu kuwa hatarudi, alizifunga, akazisukuma pale nyuma. Na boksi la kwanza la Vusa lilipofika, ni yeye Senzeni aliyelibeba akaliweka juu yake. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa amemwambia mama yake hana boksi humu ndani. Alikuwa nalo, tena ndilo lililotangulia.

Mbonisi alisema kweli. Jambo hilo lilimuudhi kuliko matairi yote.

Akaziosha sufuria zile kwenye karo, jua likizing'arisha, akasonga isitshwala, ugali wa kwao, ndani ya moja, akachemsha mboga za majani na karanga ndani ya nyingine. Mama yake alitoka bafuni ananukia sabuni, nguo safi, akaketi mezani. Ilikuwa meza nzima, maana sasa ilionekana. Akaitazama sufuria.

"Za nani hizi?"

"Zangu."

MaNyathi alimega tonge, akachovya, akatafuna. "Nzuri," alisema. Baadaye kidogo, bila kuinua macho, akauliza, "Ataniacha na nani, huyo Dube?"

"Siendi mwezini, mama. Umguza ni pale tu. Kila siku ya soko nitakuwa hapa na mboga."

"Mboga haziongei."

"Mimi naongea. Hata leo umeona."

Pembe ya mdomo wa mama ikatetemeka. Aliendelea kula.

*

Vusa alifika kesho yake, saa ambayo mtaa mzima uko nje. Alirudi kama wanavyorudi wakati wa Krismasi akina injiva wote, wale waliokwenda kutafuta kazi Afrika Kusini: miwani ya jua, muziki unaotikisa vioo, gari la namba za kule, na nyuma ya gari trela iliyofunikwa, imejaa hadi inapepesuka. Alipiga honi getini. Akapiga tena. Watoto wakakusanyika.

Senzeni alitoka, ufunguo wa geti mkononi, akasimama upande wa ndani. Mapazia ya nyumba nzima yalikuwa yamefuliwa yananing'inia kwenye kamba nyuma yake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

"Dada, fungua."

"Karibu nyumbani, Vusa. Wewe ingia. Trela ibaki nje."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha macho yake yakaenda uani, yakaona turubai, makochi yake yamepangwa juani, matairi, mapipa. Akavua miwani.

Alifoka sana. Alisema ameyalipia makochi yale kwa jasho, kwamba hakuna mwenye haki ya kugusa kitu chake, kwamba amesikia habari za huyo mkulima na sasa anaelewa nani amemtia dada yake kichaa. Alisema nyumba hii ni ya baba yao. Senzeni alimwacha amalize.

"Huyo mkulima nilimfukuza kabla sijagusa boksi hata moja," alisema. "Usimpe sifa isiyo yake. Vitu vyako vizima viko pale, nimevipangusa. Vilivyooza nimevichoma. Nyumba ni ya baba, kweli. Baba hakujenga ghala."

"Unataka nivipeleke wapi?"

"Una kiwanja."

"Kiwanja hakina paa, Senzeni!"

"Na mimi nimekuwa paa lako mpaka lini?"

Kwenye uzio Mama Thoko aliguna kwa raha. Vusa alimtupia jicho, akasogea karibu na geti, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka, mbali na muziki na miwani, sauti ya yule mdogo ambaye zamani Senzeni alikuwa akimbeba mgongoni.

"Wewe hujui kule kulivyo. Nalala chumba kimoja na watu. Nikinunua kitu nikakileta hapa, najiona nina kwetu. Ukivitoa, mimi nabaki na nini?"

Maneno yale yalimwingia. Karibu afungue geti. Alimpenda Vusa, na kwa muda alijiona yuko tayari kupitisha hiyo trela ndani, na kochi jipya, na friji nyingine, na kulala ubavuubavu mpaka azeeke. Ndivyo ilivyokuwa ikitokea kila mwaka.

"Una kwenu, Vusa," alisema taratibu. "Kitanda chako kimetandikwa. Hicho ndicho nilichokuwekea. Lakini sifungui kwa ajili ya trela."

Vusa akainua kichwa akapaza sauti juu ya bega la dada yake. "Mama! Mama unamsikia huyu?"

MaNyathi alikuwa mlangoni. Kwenye mlango wa mbele. Alishuka ngazi moja baada ya nyingine, mkono ukutani, hadi alipofika karibu na Senzeni, akasimama.

"Nimemsikia," alisema. "Na wewe nisikilize. Mimi, mjane wa baba yako, nimekuwa nikioga kwenye beseni uani kwa sababu ya matairi yako. Mvua inanyesha, mimi niko uani. Majirani wanapita, mimi najikunyata nyuma ya shuka. Ulijua?"

Vusa alitazama matairi pale uani.

"Hukujua, kwa sababu ukija unakaa siku mbili. Na mimi sikukwambia, nikaogopa utaacha kuja." Akaweka mkono juu ya geti. "Jana nimeoga ndani. Sitatoka tena. Kapeleke trela kwako, kisha uje ule."

Vusa aliondoka, matairi ya gari yakitimua vumbi jekundu, muziki umezimwa. Jioni alirudi kwa miguu, bila miwani. Hakumsemesha dada yake, ila alikula sahani mbili kutoka kwenye sufuria ya buluu, na alipolala Senzeni alimsikia akikoroma kama alivyokuwa akikoroma baba yao.

*

Mbonisi alikuwa anapakua nyanya kwenye soko la mboga mjini alipomwona. Aliweka kreti chini. Hakusogea, akangoja, kwa kuwa alifukuzwa na hakujua kama amri ile bado iko.

"Ulisema kweli nusu," Senzeni alianza, mkoba ameushika kifuani kwa mikono miwili. "Nusu nyingine ulikosea."

"Niambie niliyokosea."

"Kwamba nimejificha, ni kweli. Nimejikuta huko chini. Lakini sikuhitaji kuhurumiwa. Ulinitazama kama mtu aliyeangukiwa na ukuta."

Mbonisi alifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. "Sikuwa na huruma siku ile," alisema. "Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wa maboksi. Yenyewe yanalala chumba kimoja na wewe. Mimi nalala Umguza."

Senzeni aliapa kutocheka. Akageuza uso kwenye rundo la vitunguu, akauma mdomo, lakini mabega yalimsaliti, na mama muuza vitunguu akacheka kwa niaba yake. Alipomgeukia tena Mbonisi, macho yale yalikuwa pale pale, hayajaenda kwingine, na safari hii hakuyakimbia. Alitamani kumgusa shavu hapo hapo mbele ya soko zima. Akamtoa jani la nyanya begani, na kidole chake kikakawia.

Mbonisi akasema gari liko tupu, kama kuna mzigo wa kubeba kule Luveve yuko tayari. Senzeni akakataa. Mzigo umekwisha, alimwambia, na kila mtu atabeba wake.

"Jumamosi mlete mzee Tshuma. Apite mlango wa mbele. Na mpwa wake atakaa."

*

Jumamosi ukumbi ulikuwa na viti, na viti vilikuwa na watu. Mzee Tshuma alikalia kochi, akaliminya kwa kiganja kuhakikisha. Baba mdogo wa Senzeni alikuwa amekuja kutoka Tsholotsho kusimamia upande wa familia, na Vusa alikaa kando yake, amenuna, kwa kuwa mtoto wa kiume hawezi kukosekana. Aliuliza maswali magumu kuhusu Umguza, kuhusu kisima, kuhusu dada yake atafikaje shuleni. Yalikuwa maswali mazuri. MaNyathi alikaa karibu na dirisha, upepo ukimpepea kilemba.

Hatimaye, kama desturi inavyotaka, Senzeni aliitwa. Alipiga magoti mlangoni, macho chini, gauni lake la rangi ya zambarau limemkaa vizuri. Baba mdogo akakohoa, akamuuliza swali ambalo kila binti huulizwa, na ambalo jibu lake kila mtu analijua kabla.

"Senzeni, watu hawa wamekuja na neno. Wewe unawajua?"

Binti hujibu kwamba anawajua, kwa sauti ya kunong'ona, kisha huondoka. Senzeni aliinua uso. Akamtazama baba mdogo, akamtazama Vusa, akamaliza kwa mama yake.

"Nawajua," alisema. "Nimewaita mimi."

Baba mdogo akabaki na kinywa wazi. Katika miaka yake yote hakuwahi kusikia binti akisema hivyo mbele ya washenga. Mpwa wa mzee Tshuma alitazama sakafu. Vusa alijishika paji la uso. Na mzee Tshuma mwenyewe aliinamia kofia yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

MaNyathi alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni.

"Mmemsikia," akawaambia wanaume. "Msikae mkishangaa. Endeleeni."

Senzeni akainuka. Ilitakiwa arudi jikoni na kungoja humo mpaka aitwe. Alipita katikati ya ukumbi, nafasi ilikuwepo, akatoka kwa mlango wa mbele, akavuka uani, akafungua geti. Mtaa wa tatu, chini ya mjakaranda, pikapu ilikuwa imeegeshwa mahali pake pa siku zote, na ndani yake mwanaume mpana alikuwa akipiga vidole kwenye usukani, amenyolewa, amevaa shati jeupe ambalo hakuna mtu aliyepaswa kuliona siku ile.

Alimwona kwenye kioo. Akaruka nusu ya kiti. Senzeni akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia, akaufunga, akaweka mikono mapajani.

"Hupaswi kuwa hapa," Mbonisi alisema, na uso wake ukisema kinyume. "Wamesemaje?"

"Bado wanasema," Senzeni akajibu, akamshika mkono. "Mimi nimeshamaliza."